Ngeli ya A-WA

Shule yetu Bigodi haina uzio upande wa msitu,
nyani huja kusoma bila ada.
Jumatatu nimeandika ubaoni: mtu, watu,
kisha nikawapanga jamaa zake.
Jitu, ambalo hakuna aliyeliona
ila kila mmoja anajua urefu wake.
Kijitu, huyo tunamwona sana,
tunamtia ki- kama anayetema mate kabla ya kutaja jina.
Zimwi, likujualo halikuli likakwisha.
Mzimu: irabu moja tu kutoka kwa mzima.

Kahunde akanyoosha mkono.
"Na kiziwi, mwalimu? Kipofu? Kilema?
Mbona wamevalishwa sare ya viti na vikombe?"

Nikamjibu kama kitabu kinavyojibu:
umbo ni la vitu, upatanisho ni wa watu,
kiziwi amekuja, hatusemi kimekuja.

Hakuketi. Kaka yake ni kiziwi.
"Basi aliyewapa jina
alikumbuka kwenye kitenzi."

Nikafuta ubao polepole kuliko kawaida.

Jumatano akaja Afande Adriko, askari wa msitu,
mtu wa Arua, buti zina tope jekundu.
Kiswahili alikiokota kambini, mimi nilikilipia chuoni.
"Ile mtu ya msitu," akaanza,
"mkono yake iliingia kwa waya.
Ikalia usiku yote.
Asubuhi ikaangalia mimi."

Watoto kimya.
Mimi, ndani, kalamu nyekundu ilikuwa mbioni:
yule, wa, wake, uliingia, kwenye waya,
akalia, wote, akaniangalia.
Makosa manane, na mzee amevua kofia.
Kamusi humtanguliza sokwe,
mtu akafuata nyuma kama mkia ambao mnyama mwenyewe hana.
Adriko alimdondosha sokwe njiani
akatufikishia mtu peke yake.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini mama yangu alisimulia kizuizi cha barabarani,
mwaka hakuutaja, mvua aliitaja.
"Ile mtu ishuke," walisema,
na babu akashuka, koti mkononi.
Ni sarufi ile ile, i- ile ile.
Basi liliondoka na kiti chake kitupu
na mama akakiwekea mfuko wa mahindi
ili asikitazame.

Miaka kumi na mmoja nafundisha
kwamba a- hutenga walio hai na vitu.
Nimeshika chaki kama mlinzi wa lango.
Sijui tena nalinda nini.

Kwetu Toro humsalimii mtu kwa jina tupu,
unamwita kwa empaako yake.
Mimi ni Apuuli; wazee husema ni kitoto cha mbwa.
Kahunde ni Abwooli, nao husema ni paka.
Joka la mtoni ni Ateenyi,
na shangazi yangu ni Ateenyi, mpole kama maziwa.
Hakuna anayeona haya. Afande,
ambaye kwao hakuna desturi hiyo,
watoto walimpa Araali siku ya kwanza,
naye huitika huku akijaribu kutocheka.

"Na yule wa waya," Abwooli akauliza kengele ikilia,
"yeye nani?"
Adriko akatazama buti zake.
Daktari alimkata kiganja, akasema, cha kushoto.
Amerudi juu ya miti. Anakula tini kwa mkono mmoja.
(Alisema "inakula." Nimesahihisha mimi,
na hata sasa sijui nilikuwa namsahihisha nani.)

Usiku huu nasahihisha jaribio, taa ya sola inafifia.
Jaza pengo: Sokwe mtu ___linitazama.
Thelathini na nane wameandika a-.
Wawili wameandika i-, mmoja kachora ndizi.
Kahunde amekata sentensi yangu yote kwa rula,
chini yake kaandika:
Sokwe mtu na mimi tulitazamana.

Hakuwepo. Najua hakuwepo.
Chai imepoa, kalamu iko juu ya karatasi,
na sijaweka vema wala kosa.